Lumbesa ya programu

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliandika kabla ya fildi, na wengine mmeshaanza kuniuliza kwenye foleni ya kafeteria kama nimeolewa au nimedisko. Hakuna kati ya hayo mawili, Mungu bado ananisitiri. Nilikuwa nyumbani Nzega kwa mazoezi ya kufundisha, hesabu kidato cha pili na kompyuta kidato cha kwanza, chaki mpaka kwenye nywele. Mengi ya fildi nitayaandika siku nyingine. Leo kuna jambo moja limenikaa kooni tangu nirudi chuo, nalo ni jambo la hela.

Kwa kifupi ni hivi: sisi tunaoandika programu za deiwaka tunalipwa kidogo mno, na sehemu ya kosa ni yetu wenyewe. Nasema "yetu" maana na mimi nimo, tena nimo mpaka shingoni. Ngoja niwasimulie.

Wiki ya pili ya fildi mwalimu mwenzangu alinipeleka kwa mwenye shule moja binafsi pale mjini. Shule siitaji, na wala si ile niliyokuwa nafundisha. Mzee wa watu mstaarabu kabisa. Alinikaribisha ofisini, akaagiza soda, akaniambia: "Binti yangu, nasikia wewe ni mtaalamu wa kompyuta. Mimi nataka kamfumo kadogo tu ka matokeo. Walimu waingize maksi, kompyuta itoe madaraja na nafasi, tuchape ripoti za wazazi. Kwa mtu kama wewe si kazi ya siku mbili tatu hiyo?"

Nikatabasamu. Akaniuliza bei. Sasa hapo ndipo mtoto wa watu nilipojichimbia kaburi. Nikasema, "Mzee wangu, wewe utanipa chochote."

Jamani, hili neno "chochote"! Sijui nani alitufundisha. Tumelelewa kwamba kumtajia mtu mzima bei ni kama kumvunjia heshima, basi unajikunyata, unaangalia chini, unasema chochote. Mzee akafikiri kidogo, akasema elfu sitini. Nikasema asante. Bumu lilikuwa limeshakwisha zamani, na kwangu siku ile elfu sitini ilikuwa hela ya maana. Nikatoka pale natembea kama nimeshika mkataba wa serikali.

Kwa wasomaji wangu wa fasihi ambao hawajui ndani ya kamfumo kadogo kuna nini, nieleze. Matokeo ya sekondari si kujumlisha na kugawanya tu. Maksi 75 na kuendelea ni A, 65 mpaka 74 ni B, 45 mpaka 64 ni C, 30 mpaka 44 ni D, chini ya hapo F. Kisha kila herufi ina pointi, A moja mpaka F tano, na programu inatakiwa ichague masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, ijumlishe: pointi 7 mpaka 17 divisheni wani, 18 mpaka 21 divisheni tuu, 22 mpaka 25 thrii, 26 mpaka 33 foo, na zaidi ya hapo ziro. Rahisi, eeh? Subiri sasa. Kuna mtoto aliumwa akafanya mitihani sita tu, programu inatafuta somo la saba haioni, inagoma. Kuna wawili wamefungana, nani awe wa nne na nani wa tano? Kuna mwalimu kaandika 7 halafu herufi "o" badala ya sifuri. Kwa macho ni sabini, kwa kompyuta ni takataka. Hilo moja lilinikesha usiku mzima, tena umeme ulikuwa unakatika kila baada ya muda.

Lakini hayo sikatai, ndiyo kazi yenyewe. Tatizo lilianza nilipopeleka mfumo. Mzee akafurahi, akapiga makofi, halafu akasema: "Safi sana binti yangu. Sasa ongeza kidogo tu, mzazi apate meseji kwenye simu." Nikaongeza. Wiki iliyofuata: "Na ada si unaweza kuiweka humohumo? Nani kalipa nani bado." Nikaongeza. Halafu vitambulisho vya wanafunzi vyenye picha. Halafu mhasibu akataka risiti. Halafu mlinzi wa stoo (naapa!) akaja kuuliza kama kompyuta inaweza kuhesabu debe za maharage. Na kila mara neno ni lilelile: kidogo tu. Kazi ya siku mbili tatu ikamaliza fildi nzima.

Wikiendi moja nikaenda kijijini kumsalimia bibi. Bibi analima mpunga na karanga, na miaka yote hiyo amekuwa akiuza kwa wanunuzi wanaokuja na magari. Nikawa namlalamikia, nikamweleza kwa Kiswahili cha kawaida nikiacha mambo ya kompyuta: mtu alinipa kazi kwa bei fulani, kila siku anaongeza juu yake, bei haibadiliki. Bibi wala hakuacha kuchambua karanga zake. Akasema, "Mjukuu wangu, hiyo si ni lumbesa?"

Nilicheka mpaka nikaona aibu. Maana ni kweli!

Kwa mliokulia Dar: lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni halafu likaongezwa kichwa juu, likashonewa kamba kama limevaa kilemba. Mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Ukihesabu magunia, umeuza moja. Ukipima kwa kilo, umeuza moja na kitu. Sheria ya vipimo inakataza, kilo 100 ndiyo mwisho kwa gunia la mazao, na Wakala wa Vipimo hawachoki kutangaza kuwa lumbesa ni kosa. Lakini shambani kusikokuwa na mzani gunia linaendelea kuota kichwa. Ujanja wa lumbesa ni huu: bei haishuki hata senti. Mnunuzi anaweza kukuapia kwamba kakulipa bei ileile mliyokubaliana, na hatakuwa anasema uongo. Kilichobadilika ni gunia.

Ndiyo maana nasema tunapolalamika "tunalipwa kidogo" huwa tunaangalia bei tu. Tunasahau kuangalia gunia.

Basi niliporudi mjini nikafanya kile ambacho mwalimu wa hesabu alitakiwa kukifanya tangu mwanzo. Nikachukua daftari. Nilikuwa na kawaida ya kuandika saa nilizokaa kwenye kompyuta, mazoea ya kusomea testi. Nikajumlisha: saa 75. Bando la intaneti, elfu kumi na sita. Bodaboda za kwenda na kurudi shuleni, safari saba, elfu kumi na nne. Elfu sitini ukitoa thelathini inabaki thelathini. Thelathini gawanya kwa 75...

Shilingi 400 kwa saa.

Nikarudia hesabu mara mbili. Jibu lilelile. Ili nipate pa kulinganisha, nikachukua kima cha chini cha mshahara wa serikali. Mei Mosi ya 2025 kule Singida Rais Samia alitangaza kwamba kima hicho kitapanda kutoka shilingi 370,000 mpaka 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai mwaka huohuo. Gawanya laki tano kwa saa 45 za wiki, ambazo ndizo ukomo wa saa za kawaida katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, unapata kama shilingi 2,500 kwa saa. Hiyo ndiyo sakafu kwa mtumishi wa umma. Mimi na miaka yangu mitatu ya chuo nilikuwa nimelala chini ya sakafu, kwenye msingi kabisa pamoja na mchwa.

Na sheria hiyo haiwezi kuniokoa, maana inamlinda mwajiriwa. Mwajiriwa akizidisha saa analipwa mara moja na nusu. Deiwaka hana saa za ziada. Sheria yake ni yale makubaliano yake mwenyewe. Na makubaliano yangu mimi yalikuwa neno moja: chochote.

Mpaka hapo mnaweza kunionea huruma. Naomba msinihurumie bado, kuna sehemu ya pili.

Karibu na stendi kuna kaka mmoja ana kibanda cha kuchapa na kutoa kopi. Fundi kompyuta, kila mtu anamjua. Siku nilipokwenda kuchapa maandalio ya somo akaniangalia, akaniuliza kwa upole tu: "Dada mwalimu, ni wewe uliyefanya ule mfumo wa shule ya mzee?" Nikajibu kwa majivuno kidogo kwamba ndiyo mimi. Akafungua droo, akatoa karatasi. Miezi miwili kabla yangu alikuwa amempelekea mzee yuleyule makadirio ya kazi ileile. Kila kitu kimeandikwa: matokeo na ripoti, siku moja ya kuwafundisha walimu, miezi mitatu ya kurekebisha makosa, mambo ya meseji ni bei ya pembeni. Jumla laki tatu na nusu.

Akasema, "Sina ugomvi na wewe. Ila jua kwamba wewe unakula kwa mama yako. Mimi hapa nalipa pango, umeme na ada ya mtoto. Ule mzigo ulikuwa wangu, wewe umeubeba kwa posho tu."

Wadau, nilitoka pale nikasahau hata hayo maandalio.

Maana alikuwa sahihi. Bei yake wala haikuwa ya kutisha: hata ingemchukua saa zilezile 75 na gharama zilezile, ingekuwa elfu nne na kitu kwa saa, na kutoka hapo kuna pango na umeme. Bei yangu ndiyo iliyokuwa ya uongo. Niliweza kuitaja kwa sababu mama alikuwa ananipikia, Bodi ya Mikopo ndiyo inayonisomesha, na nilijua baada ya wiki chache naondoka. Kwa maneno mengine, mama yangu na Bodi walikuwa wanamfadhili mwenye shule bila kujua. Na aliyelipia zaidi ni yule kaka. Kesho mzee akimwita kwa kazi nyingine atamwambia nini? "Yule binti alifanya yote kwa elfu sitini." Nimeondoka Nzega, bei yangu imebaki inatembea mjini.

Hilo neno lake la posho lilinirudisha kwenye historia ya kwetu. Sisi Wanyamwezi tunapenda kujisifu kwamba mababu zetu walikuwa wapagazi wa njia kuu, kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, pembe za ndovu kwenda pwani, vitambaa, shanga na nyaya kurudi bara. Tunajisifia miguu na mabega. Lakini ukisoma waliochunguza habari zao, kama Stephen Rockel aliyeandika kitabu kizima juu ya wapagazi hawa (kilitoka 2006), unaona kitu kingine ambacho shuleni hatukuambiwa sana: walikuwa watu wa kupatana bei. Mzigo ulikuwa na kipimo kinachojulikana, frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu. Ujira ulipatanwa kabla ya safari. Posho ya chakula ya kila siku ilikuwa kitu kimoja, ujira wa safari ni kitu kingine, na wapagazi hawakukubali vichanganywe. Msafara ukivunja makubaliano, mizigo iliwekwa chini, au asubuhi mwenye mali aliamka akakuta watu hawapo. Tajiri mwenye bunduki na vitambaa vyote angefanya nini katikati ya pori bila mabega? Alipatana upya.

Sitaki kuipamba njia ile. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa wamefungwa, ambao hawakuulizwa bei ya chochote. Lakini hilo ndilo linalonigusa zaidi. Mpagazi aliyekuwa huru alijua kwamba kinachomtofautisha na yule aliyefungwa ni kuwa na neno juu ya mzigo wake na ujira wake. Wazee wale hawakujua kusoma karatasi, na walipima mzigo kabla ya kuunyanyua. Mimi mjukuu wao, ninayefundisha watoto kuhesabu, nilibeba bila kuuliza uzito.

Na tusidhani haya ni ya Nzega tu. Tuvuke mpaka kidogo twende Nairobi. Januari 2023 jarida la TIME la Marekani liliandika habari za vijana wa Kenya waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Sama, kazi ya kusoma na kuweka alama maandishi machafu ya ukatili ili programu ya OpenAI ijifunze kuyaepuka. Kwa mujibu wa jarida hilo, mikataba ilionyesha OpenAI inailipa Sama dola 12.50 kwa saa, na wafanyakazi mkononi walipata kati ya dola 1.32 na 2, kutegemea cheo na utendaji. Kiwango cha chini hapo ni zaidi kidogo ya shilingi 3,000 za kwetu kwa dola ya wakati ule. Nisieleweke vibaya, kazi yao iliwaumiza akili na yangu ilininyima usingizi tu, hazifanani. Ninachotaka mkione ni lile pengo la katikati. Mzigo uliondoka Marekani ukiwa na bei moja, ukafika begani kwa kijana wa Nairobi ukiwa na bei nyingine kabisa.

Lakini angalia walichofanya wale vijana wa Nairobi. Mei Mosi ya 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo, za Facebook, TikTok na ChatGPT, walikutana palepale Nairobi wakapiga kura kuanzisha chama chao. Wao waliweza kukutana. Sisi maprograma wa deiwaka kila mtu yuko rumu kwake na laptopu yake, na mwenzako unamjua tu siku mteja anapokwambia "kuna mwingine kaniambia nusu ya bei yako". Tena mara nyingi huyo mwingine ndiye mnayekaa naye kimbweta kimoja!

Najua mtakayoniambia, kwa hiyo nijibu kabisa.

Wa kwanza atasema: shule za kwetu hazina hela, ada yenyewe inalipwa kwa mafungu, huwezi kuweka bei za Dar mjini Nzega. Nakubali nusu. Mzee wangu si tajiri wa kutisha na sitamsingizia, elfu sitini alinilipa yote, ingawa kwa vipande vitatu. Lakini asiye na hela ya gunia ananunua debe. Hakuna ubaya. Kama una elfu sitini, mwambie mtu akutengenezee jedwali la Excel linalopiga divisheni, ni kazi ya jioni mbili, na wote mtalala vizuri. Ubaya ni kulipa debe ukabeba lumbesa.

Wa pili atasema: wewe ni mwanafunzi, unajifunza, shukuru umepata uzoefu. Huyu huwa ni mtu mzima na huwa anasema kwa upendo. Ni kweli nilijifunza. Lakini fundi cherehani anayejifunza, akishona suruali ikavaliwa, suruali inalipiwa. Kama kazi yangu ni mbovu kwa sababu najifunza, usiitumie. Kama unaitumia kutoa ripoti za wazazi, basi imeshakuwa kazi. Na nikitaka kutoa bure nitasema ni bure: kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, ambamo mama yangu yumo, niliwatengenezea daftari la hisa kwenye kompyuta bila kudai hata soda. Ile ni zawadi, wao wanajua na mimi najua. Zawadi ina heshima yake. Usiichanganye na bei ndogo.

Wa tatu ndiye wa kisasa: siku hizi kompyuta yenyewe inajiandikia, kwa nini nikulipe? Mhasibu wa shule ile aliniambia hivyo usoni. Ni kweli, akili bandia inaandika mistari mingi kwa dakika, nami niliitumia, sifichi. Lakini haikujua habari za mtoto aliyeumwa akafanya mitihani sita. Haikujua kwamba mwalimu wa jiografia anaandika "o" badala ya sifuri. Haikupanda bodaboda kwenda kukaa na walimu saa tatu kuwaonyesha pa kubonyeza. Na mtoto akipewa divisheni isiyo yake, mzazi hatakwenda kuilalamikia kompyuta. Kinacholipwa hapo ni mtu wa kuwajibika.

Sasa tufanye nini? Mimi si mwanasheria wala si mwenyekiti wa chochote, lakini tangu nirudi nimejiwekea masharti manne, na nayaandika hapa ili mnizomee siku nikiyavunja.

Moja, neno "chochote" nimelifuta. Nikiulizwa bei nasema "nipe siku mbili nihesabu", halafu narudi na tarakimu. Heshima kwa mtu mzima ni kumwambia ukweli, si kumwachia akukisie.

Mbili, karatasi. Hata nusu ukurasa wa daftari: nitafanya hiki na hiki, sitafanya kile, kwa siku kadhaa, kwa shilingi kadhaa, sahihi mbili. Makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano, lakini mkigombana nani atamkumbusha nani? Karatasi ndiyo mzani wetu. Likija la "ongeza kidogo tu", hununi wala hugombi, unafungua karatasi na kusema: sawa mzee, hilo ni gunia la pili.

Tatu, kianzio. Fundi cherehani hakati kitambaa bila kianzio, fundi mwashi hachimbi msingi bila kianzio. Sisi tumetoa wapi ujasiri wa kumaliza nyumba nzima ndipo tuombe hela ya msumari?

Nne, na hili ndilo gumu: kabla ya kutaja bei nitauliza kama kuna mtu anayeishi kwa kazi hiyo pale nilipo, na anatoza kiasi gani. Sitashusha chini yake eti kwa sababu mimi ninalishwa nyumbani. Wenzangu wa elimu hili mlitazame sana, maana sisi ndio tunaosambaa fildi kila wilaya nchi hii, tunakaa miezi miwili, tunaharibu bei, tunapanda basi tunaondoka.

Wiki iliyopita simu ikaita, nikaona ni yule mzee. Salamu ndefu, mama hajambo, masomo yanakwendaje, halafu: "Binti yangu, ile habari ya stoo ya maharage. Si kidogo tu?"

Moyo ulinidunda, nisidanganye. Zamani ningesema ndiyo. Nikavuta pumzi nikamwambia: "Mzee wangu, shikamoo tena. Hiyo ni kazi mpya, na kwa huku niliko sitaifanya vizuri. Karibu na stendi kuna kaka mmoja, nimeshamkabidhi programu yote na kumwelekeza. Yeye atakupimia kazi na kukutajia bei, na bei yake ni ya haki. Naomba sana usimwambie habari za elfu sitini."

Kimya. Nikasikia bodaboda inapita upande wa pili wa simu. Nikadhani amekata. Halafu akasema taratibu, "Kwa hiyo ile bei yako haikuwa bei?"

Nikajibu, "Hapana mzee. Nilikosea kupima."

Akacheka kidogo, akasema atampitia huyo kijana siku ya mnada. Kama alimpitia sijui bado. Nikipata habari nitawaambia. Kwa sasa naenda foleni ya wali maharage, na anayenidai elfu tano za fotokopi avumilie mpaka bumu litoke.

Wenu, mwalimu mtarajiwa wa Nzega.